Video ya Tate wa Rurambo

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka kanisani na moyo mweupe. Mahubiri yalikuwa na makosa ya mantiki, na padri alikubali kunisikiliza hadi mlangoni pa nyumba yake, ingawa mlango aliufunga mapema kidogo. Siku nzuri, hadi nilipomkuta Antoine amekaa barazani kwangu.

Antoine ni binamu yangu. Ameshuka kutoka Rurambo, kwetu milimani, na siagi ya kuuza sokoni, pamoja na ujumbe wa mama yangu. Mama hatumi ujumbe mrefu. Likizo kubwa ikianza, Emery, mwanangu mdogo, apande Rurambo, akae kwake, asome huko hadi amalize shule ya msingi. Sababu anazo. Wakati wa Pasaka tulipomtembelea, kaka yake Toussaint alikalia kigoda cha marehemu baba. Na Emery alimuuliza Tate, ndivyo wanavyomwita bibi yao, ng'ombe anafunguliwa wapi ili maziwa yatoke. Mama anasema sisi hatulei watoto, tunalea abiria.

Emery ana miaka sita. Halali mpaka aweke mguu juu ya tumbo la kaka yake. Toussaint, mwenye miaka tisa, hulalamika kila asubuhi, na kila jioni hujilaza palepale, tumbo juu, akingoja mguu.

Ningekataa. Nimekataa mengi katika maisha haya. Nimekataa kulipia takataka ambazo hakuna anayezizoa, na nimewajibu redioni watu wenye magari. Lakini desturi ya ukoo wetu ni kwamba mtoto mmoja hupandishwa kwa bibi, mimi mwenyewe nilipandishwa, na kumkataa mama hakuna aliyewahi kujaribu. Honorine, mke wangu, aliendelea kuchambua lengalenga. Alitupa majani, akabakiza vijiti.

Kabla ya chakula mpango ulikuwa umeiva. Nitarekodi maisha yetu ya kila siku! Antoine anarudi Jumamosi. Atabeba kadi ya kumbukumbu, na simu yake inacheza video. Mama ataona nyumba yetu ya hapa mjini Kasenga yenye heshima, sala na maziwa. Atabadili mawazo yeye mwenyewe. Huko si kukataa, ni kutoa hoja.

Honorine aliuliza kama nataka kumwonyesha maisha yetu ya kila siku, "ao yale hatujaishi hata siku moja." Msanii hajibu kila swali.

Jumatatu, 10 Juni

Tukio la kwanza: Salamu ya Asubuhi. Niliandika kurasa nne. Watoto wanaingia, wanainama kidogo, wanatoa mikono yote miwili, wanauliza baba ameamkaje. Baba anashusha kitabu polepole.

Niliwavalisha suti za kanisani. Emery aliingia, akaitazama simu, akautazama uso wangu, akasimama.

"Papa, nani amekufa?"

Nilieleza kwamba hakuna aliyekufa. Alisema mbona basi tunapigwa video. Kweli, mjini hapa kamera hutoka kwa harusi au kwa msiba, na bibi harusi hakumwona. Akaanza kulia kwa tahadhari, asije akachelewa. Toussaint alimfariji kwa kumwambia kwamba pengine ni jirani tu.

Mara ya tano walisalimu vizuri. Hapo simu ikasema nafasi imekwisha. Imejaa sauti yangu: majibu yangu yote ya mijadala ya redio, hata yale ambayo redio haikuyarusha. Hasa hayo. Honorine alishauri nifute machache. Nimefuta mchezo wa mpira wa Toussaint. Toussaint hazungumzi nami.

Lakini Salamu ninayo. Ni kazi safi. Emery ana machozi shavuni, yanaonekana kama heshima.

Jumanne, 11 Juni

Evariste amekuja. Ni mdogo wake Honorine, anaishi Rugenge, anapiga video za harusi na anajiona amegundua jicho. Hakuitwa. Dada yake amemweleza yote.

Alitazama Salamu, akauliza kama watoto wamekamatwa. Kisha akatoa ushauri. Niegemeze simu mahali, niiwashe, niondoke, niwaache watoto waishi. Nilimweleza kwa upole kwamba hakuna picha isiyo na mkono nyuma yake, kwamba hata kuiacha simu kabatini ni msimamo, na kwamba watu wameandika vitabu vinene juu ya jambo hilo, ambavyo ningemwazima kama angekuwa anarudisha vitu. Niliongea mpaka chai ikapoa. Yake alikuwa ameshaimaliza, na yangu pia.

"Shemeji," akasema akiinuka, "watoto si tangazo la serikali."

Mtu wa harusi! Kazi yake ni kuwaambia walioshiba watabasamu.

Jumatano, 12 Juni

Ushindi. Nauandika kwa herufi kubwa moyoni.

Tukio la pili: Maziwa. Hapa ndipo mama atalainika. Kwake mtoto hupimwa kwa namna anavyokunywa maziwa: ameketi, kikombe kwa mikono miwili, bila pupa, bila maneno. Nilinunua maziwa kwa yule kijana anayeyaleta kwa baiskeli kutoka uwandani. Watoto waliketi. Mikono miwili, kimya. Emery alifumba macho kama askofu. Nilikuwa nimelenga nyuso zao tu, nikinong'ona maelekezo. Toussaint alivunja mgomo wake kwa ajili ya maziwa. Nilikaribia kutoa chozi.

Saa ya chakula niliwaonyesha wote. Honorine alitazama mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Baba Toussaint, hii iko nini hapa mezani?"

Ndagala. Sahani nzima ya visamaki vyetu vya ziwani, vya kukaanga, imekaa katikati ya vikombe, vichwa vimeelekea kamera kama wanakwaya. Na mwisho kabisa wa video, nilipokuwa nimeshajipongeza moyoni, Emery anafumbua macho, anachukua ndagala moja, anaichovya ndani ya maziwa na kuila taratibu, kwa mikono miwili.

Asiyemjua mama hatanielewa. Kwake maziwa na samaki havikutani, si mezani, si tumboni. Ukivikutanisha, ng'ombe anakauka titi. Aliwahi kumwaga kibuyu kizima kwa sababu mgeni aliingia na ndagala mfukoni, zimefungwa ndani ya karatasi. Na mgeni huyo alikuwa mchumba wangu. Alikuwa Honorine! Sisi huku ziwani tumeshasahau, ndagala ziko kila mahali kama hewa. Nilikuwa sizioni.

Hii itafutwa.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya bure. Tukio la tatu lilikuwa Majina ya Ng'ombe. Toussaint angetaja ng'ombe wote wa marehemu babu yake, kwa mpangilio, akiwa amesimama wima. Nilimfundisha asubuhi kabla ya shule na tena aliporudi. Mbele ya kamera alitaja wanne, halafu akaendelea na wachezaji wa mpira. Nilipomkemea aliniambia hao angalau wako hai.

Simu nikamwachia Honorine. Redioni palikuwa na mtu anazungumzia maji ya ziwa kupanda bila kusoma chochote, na nilihitaji nguvu zangu zote.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeandaa kadi. Video hazina majina, zina tarakimu tu, ndefu kama namba za wafungwa, lakini mimi ni mtu makini. Nimefuta Maziwa. Nimeweka Salamu. Baada ya Salamu nimeweka hotuba yangu mwenyewe, yenye kichwa "Malezi ya Mjini: Majibu kwa Baadhi ya Hofu." Ni ndefu kidogo, lakini mama ana jioni nyingi.

Honorine aliiomba kadi kabla sijaifunga ndani ya karatasi, akasema anataka kuongeza kitu kidogo. Picha ya kitenge chake kipya, nadhani. Wanawake.

Jioni Emery aliuliza kama Rurambo kuna matumbo. Sikuelewa mara moja. Kisha nilielewa, nikaenda kusimama uani.

Jumamosi, 15 Juni

Antoine ameondoka alfajiri kwa moto, pikipiki ya kukodi. Baada ya chai nilifungua simu nijifurahishe kwa Salamu. Salamu haipo.

Nilichofuta ni Salamu. Kilichopanda mlima ni Maziwa.

Nilitoka mbio hadi wanapoegesha moto, kandambili moja mguuni. Kijana mmoja aliniuliza naenda wapi. Nilisema ninamfuata binamu mwenye video ya ndagala. Aliniambia nipumzike kwanza, mzee. Antoine alikuwa amekwisha kuuvuka mji, na ukitoka uwandani, njia yenyewe ni ya miguu.

Nyumbani nilimweleza Honorine yote. Hakushtuka kama ilivyopasa. Nilipomuuliza alichoongeza kwenye kadi, alisema ni video ya Alhamisi, ameitanguliza kabla ya hotuba yangu. Aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, juu ya kabati, akaenda kupika. Ushauri wa Evariste, ndani ya nyumba yangu!

Aliibakiza nakala, nimeitazama. Haina mwanzo. Emery amepanga kandambili zetu zote sakafuni, ni ng'ombe. Zile kubwa zangu ni fahali, anazikwepa. Moja ya bluu inaitwa Tate. Toussaint anakamua kandambili ya mama yake ndani ya kikombe kitupu, anampa mdogo wake. Emery anamkatalia: "Weye, ukae kwanza. Maziwa hainywewi na mutu amesimama." Wanaketi, wanakunywa hewa kwa mikono miwili. Halafu wanajitupa kwenye mkeka, na mguu unapanda tumboni pasipo yeyote kuuagiza. Nyuma yao mimi ninapita, ninarudi, ninapita tena, nina singlendi, ninabishana na redio.

Singlendi ina tundu. Mama ataliona.

Jumanne, 18 Juni

Simu imelia nikiwa napiga mswaki. Mama. Alikuwa amepanda hadi kwenye kilima chenye mtandao, upepo unavuma, na jirani zake wote wako nyuma yake, niliwasikia wakikohoa.

Nilianza kwa utangulizi. Alinikatiza. Alisema wametazama kwa simu ya Antoine, uani, watu wengi, hadi betri ikafa katikati ya mtu mmoja aliyekuwa anahutubia. Alidhani ni habari.

"Modeste, ule mutoto anachovya samaki ndani ya maziwa."

Nikasema ndiyo, Mama.

"Ng'ombe zangu zitakauka. Akae kwenu huko ku ziwa, akomae kwanza kichwa."

Sikupata la kusema. Jambo hili lilishangaza pande zote mbili. Kisha sauti yake ikashuka. Aliuliza ile kandambili ya bluu inaitwa nani. Nilimwambia. Akasema hata bila ndagala, yule mwingine angebaki na tumbo lake analifanyia nini. Asipandishwe mtu. Mwezi wa nane atashuka yeye mwenyewe, aje kuwafundisha hapahapa, na Antoine achaji simu, kwa sababu wanataka kuziona kandambili tena.

"Na weye, uvae shati."

Ikakatika.

Honorine alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilimwambia Emery habaki... nilikosea, nikasema Emery anabaki. Alikaa chini palepale kizingitini, akacheka, akalia, akanipiga begani kwa mwiko. Emery aliuliza nani amekufa. Toussaint alisema hakuna, mjinga weye, unabaki, halafu akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko muda mrefu kuliko haja.

Tumekula mukeke wa kuchoma, samaki wa siku kubwa. Nimempa Toussaint kichwa.

Alhamisi, 20 Juni

Evariste alikuja kumpongeza dada yake. Nimemsahihisha. Nimemwuliza: ni nani aliyenunua maziwa? Nani alimketisha mtoto? Nani aliacha sahani ile katikati ya picha, vichwa vimeelekea kamera? Kuna mambo mkono huyafanya kabla akili haijatoa taarifa. Wataalamu wanayajua. Evariste alisema kweli shemeji, akanywa chai yangu.

Ila nimeona hatari. Agosti mama atafika, atamwona Emery anakunywa maziwa vizuri, na mawazo yake yatageuka. Lazima tujiandae. Nimeandika kurasa sita. Mama anaketi, maziwa yanaletwa, Emery anafumba macho, ndagala inatoka mfukoni, anachovya.

Leo mchana tumefanya mazoezi. Emery amekataa. Anasema Tate hapendi, maziwa ya Tate hayachovywi kitu. Amesema hivyo ameketi, kikombe kwa mikono miwili. Nimemweleza mantiki. Nimechovya mimi mwenyewe, mara kadhaa, kumwonyesha. Si mbaya sana ukizoea. Toussaint amecheka hadi akaanguka kwenye mkeka, na mdogo wake akaenda kumwekea mguu. Basi mazoezi yakaishia hapo. Tutaendelea kesho.

Umeme umekatika tangu asubuhi, naandika karibu na dirisha. Simu yangu iko juu ya kabati, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Honorine amesema niiache hapohapo, inachaji.