Madumu ya Buluu Kitangari

Jumanne, 11 Oktoba 1994

Krrr. Madumu yakisukumwa hatua moja mbele juu ya changarawe. Sauti hii nimekuwa nayo tangu mwezi wa sita, nilipopita Kitangari mara ya kwanza nikaona mstari wa madumu mbele ya bomba la maji. La mbele likajaa, likaondolewa. Mwanamke mmoja akapita akiyasogeza yaliyobaki kwa mguu, lake na ya wenzake ambao hawakuwepo, taratibu, kama anayesogeza watoto waliolala. Nikajiambia: watu hawa wanayapenda madumu yao. Utafiti mzima ukanishukia pale pale juani.

Leo nimerudi. Nimepanda lori la wanunuzi wa korosho kutoka Masasi, nimekaa juu ya madumu yangu mapya ya buluu. Fedha yote ya utafiti imeishia humo. Hakuna kurudi nyuma.

Maelezo, kwa watakaosoma haya nikishakuwa maarufu: mtu akishamiliki kitu, hukithamini kuliko kitu kile kile kikiwa bado dukani. Huko Amerika wamelijaribu hilo kwa vikombe. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wakisikia habari ya vikombe husinzia. Subirini niwaletee madumu.

Nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo ni moja. Wasaidizi wa wahadhiri idarani tuko wawili, mimi na Cyril. Cyril yuko Masasi, anauliza watu kwa nini wananunua sabuni ya nje sasa ambapo maduka yamejaa. Sabuni! Maskini.

Nimefikia kwa Mama Dorika, aliyesoma shule moja na mama yangu. Jumapili Dorika anapata kipaimara, Askofu anakuja, na wageni watakuja hata kutoka Tandahimba. Kuku wapo. Mchele upo. Maji hayapo. Tangi la mvua limekauka na pampu ya kijiji imeishiwa dizeli tangu wiki iliyopita. Madumu manne ya Mama Dorika, yaliyofungwa kitambaa chekundu, yako bombani, karibu na mbele, nayo anayataja kila anapopita mlangoni, kama mtu mwenye wagonjwa hospitalini.

Mapenzi ya ajabu. Nimeyaandika.

Jumatano, 12 Oktoba

Asubuhi mbaya. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiomba wanawake wanipe dumu kuukuu niwape jipya la ujazo ule ule, na mche wa sabuni juu yake. Wanatakiwa wakatae. Wamekubali wote! Mmoja alitaka kunipa na la jirani yake. Nikajifanya nimesahau madumu kwenye lori, nikaaga.

Nimekaa kivulini nikimwona akilini Cyril akipanda ndege.

Mchana nikaenda bombani. Maajabu! Pale hakuna aliyekubali hata mmoja. Dumu lililozibwa kwa gunzi la muhindi: hapana. Dumu lenye kiraka cha plastiki iliyoyeyushwa: hapana. Wote wananitazama kama nimewaomba jino. Bi Kibibi, jirani yetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, alisema kwa wenzake kwamba huyu binti kasoma mpaka amepitiliza.

Kwa hiyo nyumbani wanakubali, kwenye foleni wanakataa. Dumu ni lile lile, mwenye dumu ni yule yule. Maelezo yake ni haya tu: mapenzi ya mali huongezeka mali ikiwa hadharani. Hata Amerika hawajalifikia hili.

Nimekumbuka kitu kitamu. Nikiwa mdogo, sabuni ilipokuwa ya aina moja na duka la ushirika likifunguliwa inapofika, mama alikuwa na jiwe lake lenye alama ya rangi nyeupe. Analiweka mbele ya duka, anakwenda shamba, anarudi analikuta. Nililipenda sana jiwe lile. Kumbe hata mawe tunayapenda! Ushahidi mwingine.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mama Dorika anachagua mchele tangu alfajiri. Nimemwomba anibadilishie madumu yake manne. Alicheka, akasema, "Mwanangu, ikishapita Jumapili hata mimi mwenyewe nibadilishe. Sasa hivi usiyaguse."

Nikamwuliza kama angejisikia vibaya kuyakosa. Akasema angejilaza barabarani lori limpitie. Kwa kiwango cha moja hadi tano, nimeandika tano.

Yeye na Bi Kibibi hawasemeshani. Kuna mkorosho mpakani kila mmoja anaudai, na korosho ndizo hizi zinaanguka. Wanapishana njiani kama watu wasioonana. Lakini madumu yao yamefuatana bombani, na hapo hakuna ugomvi. Nalo nimeliandika, ingawa sijajua la kulifanyia.

Barua ya Cyril imeletwa na dereva. Anasema kamaliza sabuni, ana siku mbili za bure, atakuja na lori la kesho kuniona nikihangaika. Ameandika "kuhangaika" na kupigia mstari.

Kwa maswali tu simshindi. Maneno ya watu ni maneno. Lazima nione wanachofanya. Nimepata mbinu. Nimeshindwa kumaliza ugali kwa furaha.

Ijumaa, 14 Oktoba, mchana

Nimefanya!

Mchana huu Waislamu walikuwa msikitini, Wakristo mikoroshoni wakiokota. Bombani hapakuwa na mtu. Nikachukua toroli la Mama Dorika. Nikatoa dumu kuukuu, nikaweka jipya la buluu mahali pale pale, bila kusogea hata upana wa kidole. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Makuukuu yote nimeyarundika chumbani kwangu, mengine juu ya kitanda.

Hakuna aliyepoteza. Kila mtu ana dumu bora kuliko alilokuwa nalo asubuhi. Sasa nangoja: nani atakuja kudai kuukuu lake? Nimepanga kwamba watu wa kawaida watashukuru, wapenzi wa kweli watalia. Nitawahesabu wanaolia.

Mstari wa buluu unapendeza sana. Yamefanana kama askari wa gwaride.

Nasikia lori.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Lori lilileta pipa moja la dizeli, na Cyril amekaa juu ya pipa. Kijiji kizima kikakimbilia bombani. Husseni, mwenye ufunguo wa bomba, akawasha pampu. Bomba likakohoa. Halafu watu wakauona mstari.

Kila mwanamke akatafuta dumu lake. Hakuna lake. Kuna la buluu, na la buluu, na la buluu.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho kijiji kizima, pamoja na mbuzi, wanakijua. Dumu halisubiri maji tu. Dumu ni mtu. Linasimama kwenye foleni badala ya mwenyewe wakati mwenyewe yuko shamba, na wenzake wanamjua kwa gunzi lake na kiraka chake. Nilikuwa nimeondoa watu wote kwenye foleni nikaweka askari wasio na majina.

Wote wakawa wa kwanza. Mama mmoja alikaa kabisa juu ya dumu la mbele. Husseni akazima pampu, akasema dizeli hii haitoshi maji na kelele kwa pamoja.

Kisha mtu akapita nyuma ya nyumba yetu, akachungulia dirishani kwangu, akayaona. Bi Kibibi akaita kwa sauti yake ile: "Kumbe Mama Dorika amefungua duka!"

Mama Dorika akanigeukia. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata na mwenyekiti wa idara. Nikasema mbele ya wote kwamba ni mimi, ni utafiti, na hakuna aliyepoteza ukiangalia ujazo. Sauti yangu haikufika mbali. Cyril ilimfikia. Alicheka mpaka akalazimika kushika bodi ya lori.

Nikamwuliza Bi Kibibi, kwa kuwa alikuwa karibu, kwa kiwango cha moja hadi tano anaumia kiasi gani kwa kulikosa dumu lake. Alinitazama muda mrefu. Nikaandika tano.

Tukarudisha madumu kwa toroli, yakiwa yamechanganyika kama maharage. Husseni akaamua: kila mtu aseme alikuwa nyuma ya nani. Wakaanza kutoka mkiani. "Mimi nyuma ya gunzi." "Gunzi ni mimi, nilikuwa nyuma ya kiraka." Foleni ikajijenga upya kwa midomo. Wanakumbuka vizuri sana, kwa kweli inashangaza.

Mpaka tukafika kwa madumu manne yenye kitambaa chekundu. Aliyekuwa nyuma ya Mama Dorika ni Bi Kibibi. Bila neno lake, Mama Dorika anakwenda mwisho, na mwisho dizeli haifiki. Hakuna maji, hakuna ubwabwa, na Askofu atanawa kwa mate.

Bi Kibibi akajifunga khanga upya, polepole. Mama Dorika anaangalia chini, kwenye changarawe.

"Nilikuwa nyuma yake," akasema hatimaye. "Wiki nzima naangalia hicho kitambaa chekundu mpaka macho yameuma. Mwekeni mahali pake." Halafu, bila kumtazama, "Na Jumapili nakuja kula. Mkorosho tutazungumza nikishashiba."

Mama Dorika akasema atamwekea firigisi.

Krrr. Madumu yakasogea.

Jumamosi, 15 Oktoba

Maji tunayo. Mapipa mawili na sufuria zote. Mama Dorika jana usiku hakunisemesha. Leo kanipa vitunguu nimenye, vingi, na kisu kibutu. Nimechukulia kama msamaha.

Madumu ya buluu sinayo tena. Bi Kibibi alitamka kwamba ni faini, kila mwenye dumu akachukua moja. Sasa kila mtu ana mawili: kuukuu la kukaa foleni, jipya la kuchotea. Wananisalimia kwa furaha. Wananiita Mwalimu wa Madumu. Mtoto mmoja kaniambia shikamoo mara tatu.

Cyril amekwenda. Amesema hatamwambia mtu idarani. Alisema hivyo huku akiandika. Alipopanda lori alinipungia kwa dumu la buluu, sijui amelipataje.

Nimetafakari siku nzima juu ya vitunguu, machozi yakinitoka, na nimelipata kosa langu. Haikuwa nadharia. Nadharia ni nzima. Kosa ni kwamba madumu mapya yalifanana. Ningepata vitu ambavyo kila kimoja kina sura yake, jaribio lingekwenda salama. Ningekuwa mjinga kama nisingejifunza.

Jumapili, 16 Oktoba, kanisani

Naandika nikiwa benchi la mwisho. Nimewahi sana. Ubwabwa unapikwa, Mama Dorika ameniambia niende kanisani mapema nikapumzike, yaani nisikae jikoni.

Watu wote wako nje kumpokea Askofu. Nasikia vigelegele kutoka barabarani. Humu ndani ni mimi na mabenchi. Mabenchi mawili ya mbele yameachwa kwa shughuli: la kwanza watakaa watoto wa kipaimara, la pili wasimamizi wao. Kila msimamizi ameacha kitabu chake cha nyimbo kwenye benchi la pili, nyuma tu ya nafasi ya mtoto wake, ili Askofu akimwekea mtoto mikono, msimamizi awe amesimama mahali panapotakiwa.

Vitabu kumi na viwili. Kimoja kina jalada la gazeti. Kimoja kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kimoja kimeliwa pembe na panya. Hakuna viwili vinavyofanana!

Mlango unafunguliwa. Dorika ndiye wa mbele, na kitambaa cheupe kichwani. Mama Dorika ameniona, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa amenitabasamia.

Nimeshavibadilisha nafasi vyote.