Ombi la Kubomolewa Tembe la Mama Yangu Mzazi

Andrea Msengi,
Nyumba ya Mfano, Mstari wa Kwanza,
Kijiji cha Ujamaa Tujitegemee,
Njia ya Kinyangiri, Iramba.
Septemba, 1975

Ndugu Mkuu wa Kampeni ya Nyumba Bora,

YAH: OMBI LA KUBOMOLEWA TEMBE LA MAMA YANGU MZAZI

Pokea salamu za heshima kutoka kwa wanakijiji wote, wakiwemo wale ambao siku hizi hawanisalimii. Baada ya salamu hizo, naomba nikueleze jambo linalorudisha nyuma maendeleo ya kijiji chetu. Jambo lenyewe ni mama yangu. Si yeye hasa, maana Mama Rahabu ni mtu mwema na alinisomesha hadi darasa la nne kwa kuuza kuku. Tatizo ni tembe lake.

Pengine jina langu unalo. Mimi ndiye niliyehudhuria semina zote za nyumba bora na mpango wa kijiji tangu gari lenu lilipofika na kipaza sauti. Siku ya sinema nilikaa mbele kabisa. Siku ya maonyesho ya matofali nilikanyaga udongo mpaka mke wangu Klara akanikana mbele ya watu. Siku ya mashindano ya kuchora kijiji, mistari yangu ilinyooka kuliko ya wote, na kwa kuwa mcheza kwao hutunzwa, nikapewa heshima ya kujenga nyumba ya mfano. Ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati, ina madirisha mawili mbele, na imekaa kwenye mstari barabara. Mtu akisimama mwisho wa kijiji akafumba jicho moja, anaona nyumba moja tu.

Tembe la mama liko nyuma ya mstari, kwenye kibonde, limejikunja chini kama kuku anayeatamia. Ni miti na udongo, na juu yake ni udongo pia, tena mama anaanika mtama huko huko juu. Lilipigwa alama ya chaki wakati wa Operesheni Vijiji ili libomolewe, na mpaka leo limesimama. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya yafuatayo.

1. Tembe limekataa kutoa moto.

Kwetu mtu hahami mikono mitupu. Huchukua makaa jikoni kwake akayapeleka anakohamia, ili moto wa kule uwe mtoto wa moto wa huku. Mama alikubali kuhamia kwangu bila ubishi. Aliweka makaa kwenye kigae, Klara akafuata na mtungi wa maji kichwani, na watu wakatoka kutazama. Sasa barabara yetu, kwa shukrani za mpango wenu, imenyooka, na upepo wa Singida nao unapenda njia iliyonyooka. Zamani ulikuwa unahangaika kati ya boma na boma mpaka unachoka. Siku ile ulitoka huko Kinyangiri moja kwa moja bila kugusa kitu, ukamkuta mama mlangoni pangu. Makaa yakazima, majivu yakatupata usoni. Mama akafuta macho, akasema moto umeshasema, akageuka akarudi kwake.

Nilimweleza kwamba hakuna semina yoyote iliyotaja kuwa moto una kura. Tangu hapo jiko langu halikai na moto, na Klara akawa anakwenda kila asubuhi kuuomba tembeni. Mwanzoni alikuwa anarudi nao.

2. Tembe lina ubaridi bila kibali.

Mchana ndani ya lile tembe ni baridi, na alfajiri ni joto. Hakuna kikao chochote kilichopitisha jambo hili. Nyumba yangu inafuata utaratibu: jua likiwaka, na yenyewe inawaka, baridi ikija, na yenyewe inatetemeka pamoja na wananchi waliomo. Mtaalamu wenu, Ndugu Leonidas, alitufundisha kwamba nyumba bora lazima ipate hewa, kwa hiyo nilielekeza madirisha yote mawili kule upepo unakotoka. Nakuhakikishia kwamba inapata. Juzi ilipata hewa mpaka mlenda ukajaa mchanga, na bati moja la pembeni likaondoka, tukalikuta shuleni.

Silalamikii bati. Bati lilionyesha ari ya kusonga mbele. Ninacholalamikia ni kwamba siku ile ile, kwenye upepo ule ule, tembe la mama lilikaa kimya, halikutikisika hata kidogo, jambo ambalo mimi nalitafsiri kuwa ni dharau.

3. Tembe linahudhuria semina.

Ndugu Leonidas ni msemaji hodari na simlaumu. Lakini katika semina ya baada ya mavuno alitaja sifa za nyumba bora: ijengwe kwa vitu vya hapa hapa tusivyoagiza mbali, iwe na kuta nene, ijikinge na upepo, na ikarabatiwe na wenyewe kwa mikono yao, maana huko ndiko kujitegemea. Alipomaliza, kichwa kimoja kiligeuka kutazama kibondeni, na cha pili, kisha mkutano mzima. Niliwaomba watazame mbele. Bibi mmoja akasimama akaishukuru serikali kwa kuisifu nyumba ya Rahabu hadharani, maana ni miaka mingi Rahabu hajasifiwa na mtu. Watu wakapiga makofi. Mtaalamu wenu hakukanusha.

Semina iliyofuata ilikuwa ya kupanda miti. Tulipelekwa kwenye kilima kilichobaki kipara, tukafundishwa hasara za kukata miti ovyo. Kilimani hapo ndipo tulipokata kuni za kuchomea matofali ya nyumba yangu, kwa hiyo nilipanda miche kwa bidii kuliko mtu yeyote, nikiwa na moyo wa shukrani. Mbuzi wakaila yote. Mbuzi hao ni wa mama na wanalala tembeni, na ndiyo maana nimeliandika kosa hili hapa.

4. Tembe limemteka mtaalamu.

Kila siku akishakula, Ndugu Leonidas huingia tembeni kupima unene wa kuta. Nilidhani kuta hupimwa mara moja, lakini mimi si mtaalamu. Upimaji wenyewe una sauti, na sauti hiyo naisikia nikiwa kwenye mstari wa kwanza. Akiamka, yaani akimaliza kupima, mama humpa uji wa uwele.

Kutoka hapo mambo yakaharibika kabisa. Kwa kuwa mtaalamu yuko tembeni, ubao ukahamishiwa tembeni, ukaegemezwa kwenye kihenge cha mtama. Kwa kuwa ubao uko huko, semina zikahamia huko. Hivi sasa mimi, mwanafunzi bora wa kampeni hii, nalazimika kuingia ndani ya tembe la mama yangu ili nifundishwe kwa nini lazima libomolewe, na ninafundishwa vizuri sana, maana kuna utulivu na hakuna jua.

5. Tembe limenichukulia watu wangu.

Nimesema Klara alikuwa anakwenda kuomba moto. Baadaye akaona afadhali apike huko huko, kwa sababu chakula kinafuata moto. Watoto wakafuata chakula. Wakishashiba wanasinzia, na mtu akisinzia hahamishwi, kwa hiyo wakawa wanalala huko. Klara akasema hawezi kuwaacha watoto wenyewe. Nilimwambia bibi yao yupo. Akasema ndiyo, yupo, na yeye pia yupo.

Kuku walikuwa wameshatangulia. Nimebaki na madirisha mawili. Jioni nakaa kwenye ngazi yangu ya saruji, nawasikia wanacheka kule chini, na mimi siwezi kwenda, maana mtu wa mfano akionekana anakwenda tembeni, mfano utakuwa wa nini? Ndugu Mkuu, hili linaniuma. Nilijenga ile nyumba nikifikiria watakavyofurahi.

6. Tembe linapinga siasa yetu.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, maana sasa nina nafasi ya kufikiri. Ardhi tumeiweka pamoja. Jembe la kukokotwa na ng'ombe ni la kijiji. Duka ni la ushirika. Lakini ubaridi wote wa kijiji hiki uko mikononi mwa mtu mmoja, bibi kizee, ambaye ameulimbikiza tangu enzi za mkoloni. Kama huo si ukabaila, basi nielimishwe katika semina ijayo. Haifai wananchi wa mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu waungue mchana kutwa huku mwanachama mwenzao anamenya karanga kivulini.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Tembe libomolewe kabla ya mvua. Kama kubomoa hakuwezekani, basi litobolewe madirisha mawili kuelekea upepo, ili nalo lipate hewa na wote tulingane. Kama hilo nalo haliwezekani, ubaridi wake ukusanywe na kugawiwa kwa kila balozi wa nyumba kumi, kwa zamu. Na kama itaonekana kuwa ubaridi haugawanyiki, basi ni halali kupinda mstari. Nyumba zote zishushwe kibondeni, zijikunje, zipishane kidogo kidogo ili upepo uchoke, ziezekwe udongo, na kijiji kizima kiwe tembe. Hapo tembe la mama halitakuwa tena na la kuringia, na mimi nitapata haki yangu.

Barua hii imesomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano ulifanyika tembeni, kwa kuwa kwenye ofisi ya kijiji jana palikuwa hapakaliki. Wote walinyoosha mkono kuikubali, akiwemo mama, kwa sababu ana kadi ya chama na hajawahi kupinga azimio la mkutano. Mwenyekiti wetu, Ndugu Idrissa, aliipiga muhuri juu ya kinu cha mama, maana meza ilikuwa imesahaulika juani.

Wasalimie wafanyakazi wenzako wote wa kampeni, dereva wa gari la sinema na fundi wa kipaza sauti. Mzee wa nyumba yako mpe shikamoo yangu. Ndugu Leonidas anakusalimu, nitamwambia umeitikia pindi atakapomaliza kupima. Klara na watoto wanakusalimu pia, kwa mbali. Mimi mwenyewe ni mzima, ila koo limekauka kwa hewa.

Ni mimi, mwanafunzi wako niliyenyooka,

Andrea Msengi

N.B. Mkutano ulipotawanyika mama aliniomba nibaki nimsomee tena barua hii taratibu, maana watu walikuwa wanacheka na yeye hakusikia vizuri. Nikamsomea kwa Kinyiramba. Ndugu Mkuu, kwa Kinyiramba barua hii ni ngumu sana kusoma, na pale penye ukabaila nilikohoa tu nikapita. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema imeandikwa vizuri, shule haikupotea bure, ila ina kosa moja kwenye kichwa cha habari.

Kosa ni kwamba tembe si lake. Marehemu baba, siku chache kabla hajafariki, alisema mbele ya wajomba kwamba tembe ni la kitinda mimba wake, na kitinda mimba ni mimi. Nikamuuliza mama kwa nini miaka yote hii hakuniambia. Akasema alitaka kuniambia siku ile ya kuhama, lakini aliniona nimefurahi sana na bati langu, akaona asiniharibie. Akaendelea kumenya karanga. Mimi niliona aibu ambayo sijafundishwa katika semina yoyote.

Imebainika basi kwamba mlalamikaji na mlalamikiwa ni mtu mmoja, na kwamba kabaila niliyemtaja katika kifungu cha sita ni mimi. Ningeichana barua hii, lakini imeshapigwa muhuri, na kuharibu mali ya kijiji ni kosa. Kwa hiyo nakuomba uipokee, uisome, uitie kwenye faili, na usiifanyie kazi hata kidogo.

Mvua haiko mbali na udongo wa juu umepasuka. Kesho mimi na Klara tutabeba udongo mpya, na Ndugu Leonidas amejitolea kuukanyaga. Nyumba ya mfano iko wazi kwa wageni wowote wanaotaka kujifunza. Haina mtu, na hewa ipo ya kutosha. Lakini kama itakulazimu kuja na watu wako kubomoa, usiwasumbue mama wala watoto. Niulizie mimi, mwenye nyumba, nitakuwa ndani. Mlango wetu ni mfupi, kwa hiyo itabidi uiname.