Malalamiko Kuhusu Kisanduku Kinachohesabu Rimoti Yangu

Kosele,
Kaunti ya Homa Bay.

Kwa Mkuu wa Utafiti,
Chuoni kwenu, Migori.

Mheshimiwa Mkuu,

Natumai wewe na jamaa yako hamjambo. Mimi ni Joash Maranga, mkulima wa njugu karanga na mwenye rimoti. Mwezi uliopita mwanafunzi wako Liz alikuja kwangu na kisanduku alichokiunda mwenyewe ndani ya mkebe wa majani ya chai, akakiweka kando ya televisheni. Alieleza kwa adabu kwamba kila kitufe cha rimoti kikibonyezwa, kisanduku kitaandika ni kipi na ilikuwa saa ngapi, ili chuo kijue jinsi watu wanavyotazama televisheni. Niliweka sahihi kwa sababu niliamini mnachunguza watu wengine.

Sasa naomba mkiondoe, kwa sababu hizi:

1. Kwenye fomu nilijaza kwamba mimi hutazama habari na kipindi cha ukulima, basi. Jumamosi ya kwanza Liz akasoma matokeo mbele ya familia: Jumatano, saa nane mchana, rimoti ilibonyezwa mara sitini na tatu. Saa hiyo nilikuwa nimeaga kwamba naenda kupalilia. Mke wangu Leonida akauliza polepole, "Baba Lynnet, ni magugu gani hayo unang'oa na rimoti?" Mheshimiwa, utafiti haufai kumletea mtu swali kama hilo.

2. Tangu hapo nabadilisha chaneli kwa vitufe vya televisheni yenyewe, maana hivyo kisanduku hakivioni. Nainuka, nabonyeza, narudi, nakaa, nainuka tena. Mshipi wangu umeingia ndani tundu mbili.

3. Majirani wamepata habari. Kila Jumamosi wanakuja na viti vyao kusikiliza matokeo. Willis, fundi wa baiskeli, aliacha mechi ya timu yake akaja kusikia yangu. Leonida anapika chai ya watu kumi na wanne.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kila jioni, habari zikiisha, mimi huipa familia mawaidha kidogo. Liz alisoma kwamba kila siku, saa mbili kasorobo, sauti ya televisheni huongezwa mara tisa mfululizo.

"Kuna kitu hutokea saa hiyo?" akauliza, kalamu mkononi.

Mama yangu Phelesia, mwenye miaka themanini na moja, akasema, "Ni mimi. Wuoda, mwanangu, wewe huongea sana."

Willis alicheka mpaka kiti chake kikavunjika. Mimi nilitoka nikaenda kusimama na ng'ombe. Iliniuma, sitaficha.

Jioni iliyofuata niliuliza tu, "Mama, umeshindaje?" Akashusha sauti ya televisheni, akaanza kuongea yeye. Alisema kuhusu goti lake, halafu kuhusu baba yangu, jinsi alivyomchekesha sokoni hadi akamwaga kikapu kizima cha samaki wa omena. Nina miaka hamsini na sita na sikuwa nimewahi kusikia hayo. Jumamosi Liz akasoma: sauti imepunguzwa mara saba. Majirani walinipigia makofi kama mtu aliyefaulu mtihani.

5. Madhara mnayaona wenyewe. Mwenye boma amegeuzwa msikilizaji ndani ya nyumba yake. Mkiachiliwa, kesho mtafunga visanduku kwenye mimbari na kwenye baraza la chifu, na kazi ya kuhutubia itakwisha katika kaunti nzima.

Kwa hivyo kisanduku kiondolewe kabla ya Ijumaa, bila kukosa.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na askari wa langoni. Mwambie Liz kwamba mwavuli aliousahau uko salama. Leonida anautumia vizuri.

Ni mimi, mwenye manung'uniko lakini pia heshima,
Joash Maranga

Nyongeza: Betri za kisanduku ziliisha jana, na mama akakataa kula mpaka kiwake tena. Nimetoa zile za rimoti nikakitilia. Kinawaka vizuri sana. Ijumaa msije.