Barafu Irudi Mlimani, Mhusika Arudi Kwake

Malaba,
4 Februari 1998.

Kwa Shemeji Josiah Oluka,
Mtaalamu wa Mawingu,
Nairobi.

Shemeji mpendwa,

KUH: BARAFU YENU ILIYONITOA NYUMBANI KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mkavu. Sisi huku tu wazima.

Kabla ya malalamiko, naomba nieleze jambo moja la adabu. Katika barua hii kuna mama mmoja ambaye ni mzazi wako na mzazi wa mke wangu Rosebella. Unajua kwetu Wateso mume hamtaji mama mkwe wake kwa jina, hamtazami usoni, na hawalali chini ya paa moja hata kama paa lenyewe ni la kanisa. Kwa hiyo nitamwita Mhusika, kama tunavyoandika kwenye fomu pale mpakani. Ukiona neno Mhusika, jua ni yule aliyekunyonyesha.

Chanzo cha haya yote ni wewe mwenyewe. Agosti mwaka jana ulikuja kututembelea, ukakaa kwenye kiti changu, ukachora mlima nyuma ya kalenda ya zamani. Ukatuambia dunia inapata joto, na barafu ya Mlima Kenya imekuwa ikipungua tangu siku za babu zetu, na iko siku watoto watauona ule mlima mweusi kama chungu. Nikakuuliza, kwa heshima, hiyo barafu inakwenda wapi. Ukanijibu, "Shemeji, maji hayapotei. Yanapanda, yanazunguka, yanashuka mahali pengine."

Maneno hayo niliyaandika. Ninayo hapa. Sasa nakuletea hesabu ya mahali pengine.

1. Barafu iliondoka bila karatasi. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye meza yangu nje ya geti la Malaba nikiwajazia madereva fomu. Hakuna trela inayovuka hapa bila kusema imebeba nini, ni ya nani, inatoka wapi, inakwenda wapi. Hata mwenye gunia moja la vitunguu anaulizwa. Lakini mlima mzima unaachilia mzigo wake, mzigo unapita juu ya vichwa vya maaskari mchana, unashushwa Malaba, na hakuna mtu aliyeuliza hata mhuri. Kwetu mzigo wa kupita ukishushwa njiani ni kosa. Mwenye mzigo huitwa, akauchukue.

Ni kweli uliongeza kwamba barafu yote ya mlima ule ni kidogo, haiwezi kufurisha mto wetu hata wiki moja. Na kwamba ni joto lile lile linaloila barafu ndilo linalopandisha mvuke mwingi kutoka ziwani na baharini, na hewa ikiwa moto hubeba maji mengi halafu huyamwaga yote kwa pupa, kisha hukaa miezi bila kutema hata tone. Sehemu hiyo sikuisikia vizuri kwa sababu chai ilikuwa imeletwa. Tena hii Elnino mnayoitangaza redioni mnasema imetoka Bahari ya Pasifiki. Mimi sijawahi kujaza fomu ya Pasifiki. Nabaki na Mlima Kenya, ambao una anwani.

2. Sisi tulikwisha kutoa mchango wetu. Ulisema kwa kinywa chako kwamba hata Elgon hapa juu yetu ulikuwa na barafu zamani za kale, ikaisha yote. Leo hauna hata ya kupozea soda moja. Sasa Shemeji, wewe umehudhuria harambee nyingi. Je, mtu aliyekwisha kutoa hufuatwa tena nyumbani? Walio na barafu bado ndio wa kutozwa mafuriko.

3. Kuwasili kwa Mhusika. Tarehe 19 Novemba Mto Malaba ulitoka kitandani mwake ukaingia kwenye kitanda cha Mhusika kule bondeni. Asubuhi hiyo alifika kwangu juu ya baiskeli mbili za boda boda. Ya kwanza ilimbeba yeye na sanduku. Ya pili, ya kijana anaitwa Otiende, ilibeba jiwe la kusagia wimbi, kuku kumi na mmoja, na picha yako ya mahafali yenye fremu. Otiende akapumua, akaniambia, "Boss, huyu mama hakuja kutembea. Mtu wa kutembea habebi jiwe."

Picha yako, kwa taarifa, ilipata maji mpaka kidevuni. Wewe unajua barafu imepungua hatua ngapi juu ya mlima. Nimeona ni vizuri ujue pia maji yalifika wapi kwa mama yako.

4. Malazi. Nyumba yangu ni vyumba viwili na paa moja. Mhusika alipoingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitokea wa nyuma nikiwa na blanketi. Hakuna aliyenifukuza, ni mila iliyonifungulia mlango. Tangu siku hiyo nalala jikoni, kibanda cha nyasi unachokijua, pamoja na mbuzi jike ambaye hakuombwa maoni. Kila alfajiri Mhusika huja kuwasha moto, kwa hiyo ni lazima niwe nimeondoka kabla hajafika, ili tusikutane mlangoni tukiwa na nywele za kuamkia. Nimekuwa mtu wa kwanza kufika kazini Malaba yote. Wakubwa wameanza kunishuku.

5. Mazungumzo. Kwa kuwa hatuwezi kusemezana, Mhusika huongea na mimi kupitia kuku wake mmoja mwekundu. Anasimama upande wa pili wa ukuta, anasema kwa sauti, "Wewe kuku, ebu uliza huyo mwenye boma kama amekula." Nami nalazimika kumjibu kuku, "Mwambie nimekula, asante." Siku moja nilidanganya. Nikasikia, "Kuku, mtu ameshiba na tumbo linalia kama gari ya kupanda mlima? Mwambie chakula iko chini ya ungo, na aache maringo."

Nilipoanza kukohoa kwa moshi, kuku aliulizwa mara tano kwa siku kama nimekunywa dawa, dawa yenyewe ikiwa ni majani machungu yanayochemshwa mpaka jirani zetu wanafunga madirisha. Kikohozi kilipona. Sitaki hilo litumike dhidi yangu.

6. Nimesafirishwa kama bidhaa. Kwa kukosa usingizi jikoni, Jumapili moja baada ya ibada niliomba kupumzika kidogo ndani ya trela la rafiki yangu Omollo, ambaye alikuwa na saruji ya Kampala na alikuwa amekwama kwenye foleni siku nane kwa sababu mvua imekata barabara mbele. Nikapanda nyuma ya kiti chake, nikajifunika. Shemeji, foleni iliyokataa kusogea siku nane ilisogea saa hiyo. Omollo alinisahau. Niliamka nikasikia lugha imebadilika. Askari mmoja wa upande ule alifungua mlango akaniangalia, akaangalia karatasi zake, akaniangalia tena. "Ssebo, bwana, hapa imeandikwa mifuko mia nne ya saruji. Wewe ni mfuko wa ngapi?"

Mimi, ambaye nimejaza fomu za nusu ya magari ya Afrika Mashariki, nilikuwa ng'ambo bila hata karatasi ya kufungia mandazi. Nikamweleza kwa utaratibu, nikianzia Mlima Kenya. Alinisikiliza mpaka kwenye jiwe la kusagia, kisha akasema, "Mama mkwe yuko ndani ya nyumba? Pole sana, ssebo. Pita." Kule pia wana wakwe.

Nilirudi kwa miguu kwenye mvua. Kuku alikuwa akinisubiri kwenye lango la boma. "Kuku, muulize ametoka wapi hivyo kama panya ya mtaroni." Nikaenda kujikausha jikoni pamoja na mbuzi.

7. Heshima ya ofisi yenu. Hili nalisema kwa uchungu wa kindugu. Mhusika huamka, hutazama siafu wanaelekea wapi, hunusa upepo wa kutoka ziwani, halafu humwambia kuku kama nguo zianikwe au zisianikwe. Tangu Novemba hajakosea. Ninyi mlisema redioni "mvua hapa na pale." Sasa madereva wanakuja mezani kwangu kuuliza kuku amesema nini kabla ya kufunga maturubai. Mama Adoyo wa duka la soda haagizi kreti mpaka apate habari kutoka kwa kuku. Nikimweleza Adoyo kwamba shemeji yangu ana mitambo inayopima mawingu, ananiuliza, "Na hiyo mtambo iliona nyumba ya mama yake?" Nalipa soda yangu, naondoka.

8. Mwili wangu. Mhusika alileta jiwe, na jiwe halikuletwa liangaliwe. Kila asubuhi nakuta uji wa wimbi wenye ukwaju kwenye kizingiti cha jikoni, umefunikwa kwa sahani. Suruali mbili hazinitoshi. Tena Desemba paa la jikoni lilipoanza kuvuja juu ya mbuzi na mimi, nilirudi kutoka kazini nikakuta limeezekwa upya. Mwanamke wa umri wake amepanda ngazi kuezekea mkwe! Majirani wote waliona. Kuku aliambiwa, "Waambie ni mbuzi nilihurumia."

9. Kalenda. Badala ya kuja Krismasi kama ulivyoahidi, ulituma kalenda ya mwaka huu yenye picha ya Mlima Kenya umefunikwa weupe mpaka mabegani. Mhusika aliitundika juu ya picha yako yenye maji kidevuni, akauliza kuku, "Si Josiah alisema iliisha?" Naomba jibu. Kama picha ni ya zamani, iandikwe ni ya zamani. Kama barafu imerudi, basi turudishiwe na mengine.

Kutokana na hayo, Shemeji, naomba yafuatayo.

Kwanza, ofisi yenu iwasiliane na wanaohusika, barafu irudishwe mlimani, ipangwe kama ilivyokuwa, na ifungwe. Ikiwa ni suala la fomu, nitazijaza bure.

Pili, wakati barafu inaposubiriwa (kwa kuwa naelewa mlima haupandwi kwa siku moja), njoo umchukue Mhusika, au umjengee nyumba mahali ambapo mto hautamfikia. Wewe mwenyewe ulisema mvua za namna hii zitarudi, na zitarudi zikiwa na hasira. Mtu anayejua hivyo na ana mama bondeni hahitaji kuambiwa na karani.

Tatu, nirudi ndani ya nyumba yangu. Nina miaka arobaini na sita na nanuka mbuzi. Rosebella anakaa upande wa pili wa meko siku hizi, na si kwa ajili ya mila.

Nakupa hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo nitaandika kwa mlima moja kwa moja.

Rosebella anakusalimu. Omollo anakusalimu, na anaomba radhi kwa yale ya saruji. Adoyo anakusalimu ila anacheka. Mbuzi hajambo. Wote wa ofisini kwako, wenye mitambo na wasio na mitambo, wasalimie. Yoga sana, kama tunavyosalimiana kwetu.

Ni mimi shemeji yako, ninayebaki na heshima kwako na moshi machoni,

Willis Ikapel,
Jikoni.

Tanbihi: Barua hii ilichelewa kupata stempu. Leo ni tarehe 9, na kuna jambo nimelazimika kuongeza.

Alhamisi jua lilitoka. Otiende alipita akasema mto umerudi ndani ya kingo na matope yameanza kukauka. Nilipotoka kazini nilikuta baiskeli mbili zimekwisha kupakiwa mizigo. Jiwe lilikuwa juu ya ile ya Otiende. Nilisimama nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa. Nikahesabu kuku wakifungwa: kumi. Yule mwekundu aliachwa chini. Nikasikia, "Wewe baki hapa. Mimi nikiwa mbali, nani atamuuliza kama amekula?"

Nimehamia ndani. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyokumbuka. Asubuhi nimeamka nikaenda mwenyewe kutazama kizingiti cha jikoni, sijui kwa nini, na hapakuwa na sahani. Kuku mwekundu yuko hapa mlangoni, ananitazama, haulizi kitu. Mchana dereva aliniuliza habari ya mvua nikamwambia sijui, na kweli sijui, lakini siafu wamepita leo wakipanda juu, na mama amelala bondeni kule kule.

Kwa hiyo tafadhali futa ombi la kwanza. Barafu iacheni ilipo, kama ipo. Futa na la tatu. Kwenye la pili, futa "njoo umchukue." Upande wa juu wa boma langu pana nafasi, pale penye mkuyu mdogo, maji hayajawahi kufika. Nimekwisha kupima kwa hatua: nyumba ya mabati, vyumba viwili, mlango uelekee Elgon na wangu unaelekea barabarani, ili tusionane. Mawe ya msingi nimeanza kusogeza. Wewe leta mabati kabla ya mvua za Machi.

Kuku anauliza utakuja lini.