Mbuzi Aliyelamba Kisogo cha Ubongo

Sogeeni, enyi watu wa Baraka, nanyi mlioko Ubwari, wekeni nyavu chini. Nawasimulia vita vya ubao mweusi, vilivyopiganwa mwaka 1999, wakati majeshi makubwa yalipogombea barabara na hakuna aliyeviandika hivi.

Pulchérie, mwalimu wa anatomia katika shule ya wauguzi ya Baraka, asiyetetemeka mbele ya mfupa wala bunduki, alikabiliwa na maadui wawili: picha ya ubongo ilikuwa imeporwa, na chaki ilikwisha tangu barabara ifungwe. Mkaguzi Jacques, aliyekuja kupima somo la ubongo, alikwisha kushuka botini. Somo hilo lisipopita, Kulthumu, mwanafunzi pekee aliyebaki, hatapata diploma, na kwao Ubwari kutakaa bila muuguzi.

Ndipo shujaa akachomoa kipande cha muhogo mkavu kama upanga alani, akachora ramani ya gamba la ubongo: paji lenye kupanga, utosi wenye kuhisi mguso, ubavu wenye kusikia, kisogo chenye kuona, na mikunjo yote, kwa maana gamba hilo ni pana kuliko fuvu lake na halina budi kujikunja. Muhogo ukaisha pamoja na mkunjo wa mwisho.

Lakini mbuzi wa Kulthumu, aliyefungwa kwenye mguu wa benchi kwa sababu waporaji walikuwa wakipita majumbani, aliitafuna kamba, akauvamia ubao, na kwa ulimi usio na huruma akakilamba kisogo chote.

“Kulthumu! Mbuzi yako imekula macho ya batu!” alinguruma Pulchérie.

“Mwalimu, unisamehe. Hii mbuzi haiko na akili.”

“Sasa iko nayo! Imekula ya kwangu!”

Mara Jacques akaingia. “Mama Pulchérie, huu ubongo wenu hauko na nyuma?”

Kulthumu akasimama, fimbo mkononi kama mkuki, akaielekeza kwenye doa lenye mate.

“Monsieur inspecteur, hapa ndiyo pa kuonea. Huyu mugonjwa tumechora, macho yake iko muzima kabisa, lakini haone kitu, juu hii sehemu imeharibika.”

“Nani alimuumiza?”

Kulthumu akamtazama mbuzi. “Adui, monsieur.”

Jacques akacheka hadi akashika ukuta. “Umepita, muuguzi.”

Basi ikumbukwe: majeshi yalisonga na kurudi, lakini siku ile Baraka ilishinda, na mlangoni, mdomo mweupe, mbuzi alicheua taratibu, uoni wa wanadamu wote ukiwa tumboni mwake.