Idara ya Visiwa Yalala Kisiwani Bila Kulowa

Nina heshima kubwa kuwatangazia wananchi wote, walio hai na walio makaburini, kwamba safari ya Idara ya Visiwa ya kwenda kupiga kambi na kupiga picha kisiwani ilifanikiwa kwa kiwango cha juu kabisa. Kwamba hakuna aliyekwenda ni jambo dogo la kiufundi, nitalieleza.

Mimi nilikuwamo. Nilikuwa Mjumbe wa Kamati ya Maandalizi, upande wa wananchi. Sheria inataka kila kamati iwe na mwananchi mmoja, kama ofisi inavyotakiwa kuwa na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto: inakaa pembeni, haiguswi, lakini mkaguzi akija lazima aione. Shule sikufika nayo mbali. Kazi yangu ni kushona maturubai, na mjini wananiita Turubai. Waliniteua kwa sababu mbili. Kwanza, nilikuwa nawasumbua sana mlangoni. Pili, walihitaji mahema.

Nilichowasumbulia ni mke wangu. Alikufa akimsubiri daktari, na daktari alikuwa kwenye warsha ya kupunguza muda wa kusubiri. Hilo nimelisamehe, maana niliambiwa warsha ilikwenda vizuri. Tukamzika makaburi ya ufukweni. Mbele ya makaburi, ng'ambo ya maji, kuna kisiwa cha mchanga, kirefu, chembamba, kimejilaza mbele ya mji mzima kama mbwa mlangoni. Mawimbi makubwa yanapigana nacho kwanza, yakifika kwetu yamechoka, yanaramba miguu tu.

Au ndivyo ilivyokuwa. Tangu mashua za mchanga zianze kukichimba katikati, kisiwa kimepata pengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno, na mawimbi yanapita hapo bila kubisha hodi. Uzio wa makaburi ulikwenda kwanza. Ikafuata safu ya mbele. Mke wangu alikuwa safu ya pili. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kukaa nyuma, hakupenda kuonekana. Sasa yuko mbele, anatazamana na bahari.

Mchanga ulikuwa unajenga nini? Ulikuwa unajenga makao makuu mapya ya Idara ya Visiwa. Wabaya walisema ni aibu. Mimi nasema hapana: idara haiwezi kulinda visiwa ikiwa imesimama juani.

Nilipofika kwa Mkurugenzi mara ya kwanza alinikaribisha vizuri, hata akanionyesha kiti ambacho ningekalia kama kisingekuwa na mafaili.

"Mzee Turubai, shida yako naijua. Kaburi."

"Maji yamefika miguuni mwake, Mheshimiwa. Naomba mashua zisimame."

"Marehemu mwenyewe amelalamika?"

"Hajasema kitu."

"Basi tusimsemee." Akakunja mikono juu ya tumbo. "Sikiliza, mzee wangu. Kuzisimamisha mashua ninaweza, sahihi ni yangu. Lakini Idara ina kanuni. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Wewe unaijua kama methali; hapa tumeipitisha, ni Kanuni. Idara hairuhusiwi kuamua lolote juu ya kisiwa ambacho haijalala juu yake na kukipiga picha."

"Basi tukalale."

"Tutalala. Ila kulala kwa serikali si kujitupa tu. Kunapangwa."

Hivyo ndivyo Kamati ilivyozaliwa.

Niliporudi nyumbani nikamweleza shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye huja kunifulia na kunisema.

"Shemeji, umekuwa mjumbe?"

"Nimekuwa."

"Wa kitu gani?"

"Wa kulala."

"Hiyo kazi ulikuwa unaifanya siku zote, ila leo ndiyo umepewa cheo." Akakamua shati kama anakamua shingo ya mtu. "Dada yangu anachukuliwa na maji, wewe unakwenda kushona mahema ya wanaomchukua. Haya, hongera."

Hajui mambo ya utawala.

Kamati ilifanya kazi kwa moyo. Tulianza na mbu. Bi Katibu, mama mwenye miwani ya kamba na sauti ya kengele, aliuliza kama mbu wa kisiwani wanatambua vyeo. Ikaundwa kamati ndogo. Kisha tukapata mafunzo ya Kulala Chini kwa Maafisa Wasiozoea. Mtaalamu alitoka mbali, akatufundisha kwamba mtu anayelala chini hawezi kuanguka kitandani. Tulipewa vyeti. Changu nimekibandika ukutani, karibu na picha ya harusi.

Baadaye yakaja mahema. Maelekezo yalikuwa wazi: urefu wa hema uende na cheo. La Mkurugenzi liwe na vyumba viwili na sehemu ya wageni kusubiri. La Bi Katibu lisimame, lakini likifika kwenye la Mkurugenzi liwe limeinama kidogo. Kwa tarishi, turubai lililobaki halikutosha kumfunika mtu aliyesimama, aliyekaa wala aliyekunja magoti, kwa hiyo aliingia kwake kama mjusi. Nilishona mpaka vidole vikavimba. Kila nilipochoma sindano nilijiambia: hiki ni kitanzi cha bahari, Turubai, funga vizuri.

Halafu likaja suala la picha, na hapo ndipo safari ilipokaribia kuvunjika. Mpiga Picha wa Idara, kijana mwembamba aliyezoea kupiga watu wakikata utepe, alitupeleka ufukweni kwa majaribio. Mkurugenzi akasimama, kisiwa kikiwa nyuma yake.

"Mheshimiwa, sogea kushoto kidogo. Kisiwa hakionekani."

"Kwa nini nisogee mimi?"

"Umekiziba, Mheshimiwa."

"Kisogee chenyewe. Si mnasema kinahamahama?"

Ni kweli kinahamahama, mchanga haukai mahali pamoja. Lakini siku hiyo kilikataa. Mpiga Picha akapendekeza apige picha moja ya kisiwa peke yake, bila mtu. Bi Katibu akamtazama kama kamtukana mzazi.

"Picha isiyo na kiongozi ni mandhari," alisema. "Na mandhari hayana mamlaka."

Nilipiga makofi. Sijui kwa nini, nadhani ni mafunzo.

Muda wote huo mashua za mchanga zilikuwa zinapita nyuma yetu, zimelemewa, zinakwenda jengo jipya. Nikamwonyesha Mkurugenzi. Akazipungia mkono.

Siku ya kuondoka ikafika. Tulikusanyika mbele ya jengo jipya, ghorofa ya chini imekamilika, ya juu bado nondo tupu. Mabegi yalikuwa tayari, mahema yamefungwa, boti inasubiri. Mkurugenzi alitazama maji. Maji yalikuwa yanacheza. Akatazama viatu vyake. Akaitisha kikao cha dharura, humo humo ukumbini.

"Wajumbe," alisema, "naomba tutafakari. Mchanga wa ukumbi huu umetoka wapi?"

"Kisiwani, Mheshimiwa," akasema Bi Katibu.

"Sakafu?"

"Kisiwani."

"Kuta?"

"Kisiwani, na saruji kidogo."

"Kwa hiyo mtu akiwa ndani ya ukumbi huu, yuko wapi?"

Wajumbe wakatazama dari. Hata feni ilionekana inafikiri. Kisha Bi Katibu akasema polepole, kama mtu aliyeona nuru, "Yuko kisiwani, Mheshimiwa."

Nilinyoosha mkono. Nikauliza kama ni hivyo, kile kilichobaki kule majini ni nini.

"Ni masalia," akasema Mkurugenzi. "Sehemu kubwa ya kisiwa imeshahamia hapa."

Hoja ikapita. Mimi pia niliipigia kura. Mjumbe akikataa anaondolewa, na nikiondolewa nani atauliza habari za mashua? Tukafungua mahema juu ya zulia, kwa mpangilio wa vyeo. Tarishi akaingia kwake kwa tumbo. Mpiga Picha alipiga kazi: Mkurugenzi mbele ya hema, Mkurugenzi ndani ya hema, Mkurugenzi akitafakari mbali, ambako kulikuwa na choo cha wageni. Walilala humo, wakaamka wamenawiri. Asubuhi nikamkabili.

"Mheshimiwa, umelala kisiwani, umepiga picha. Sasa mashua?"

"Nimelala, na nimeona hali ni nzuri mno. Pakavu kabisa. Sikusikia hata wimbi." Akanipiga bega. "Taarifa yangu itasema kisiwa hakina tatizo. Pole na msiba, mzee."

Nilikwenda makaburini nikakaa. Maji yalikuwa yameshaondoa mawe ya miguuni niliyoyapanga kwa mkono wangu. Shemeji alinikuta pale. Siku hiyo hakunisema. Alikaa tu kando yangu, na hilo liliniuma kuliko kusemwa.

"Tumhamishe," alisema mwishowe.

"Ni ofisi gani inatoa kibali cha kuhamisha maiti?"

Akawaza. "Idara hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Tangu ufukwe uwe chini yao."

Akacheka, akalia, akacheka tena.

Picha zilikwenda juu, kwa Waziri. Na hapa naomba wasomaji watulie, kwa sababu mambo ya juu yana utaratibu wake. Waziri alipiga simu Kamati ikiwa imekaa kujipongeza. Mkurugenzi, ili sote tusikie anavyosifiwa, akaiweka simu mezani na kufungua sauti.

"Nimeziona picha," ilisema simu. "Hiki ndicho kile kisiwa ambacho watu wanalalamika kinaliwa na maji?"

"Ndicho, Mheshimiwa Waziri. Uzushi tu."

"Naona pazuri. Hiki chini ni zulia?"

Mkurugenzi akaisogelea simu. "Mchanga, Mheshimiwa. Ni laini sana, wengi hudhani ni zulia."

"Na hii juu kama feni?"

"Ni... upepo, Mheshimiwa. Upepo wa baharini."

"Umetoka vizuri kwenye picha."

"Tuna kijana hodari."

Mpiga Picha akateremka taratibu chini ya meza.

"Sasa nisikilize," ikaendelea simu. "Mahali pazuri hivyo, pakavu, pana nafasi, na Idara ya Visiwa imebanana mjini kufanya nini? Hilo jengo lenu jipya nimelipitia kwa gari. Nimelipenda. Nitalichukua liwe ofisi yangu ndogo. Wewe hamia kisiwani. Mahema si mnayo?"

"Mheshimiwa, kule kisiwani kwa kweli..."

"Kuna tatizo? Maana kama kuna tatizo, hizi picha ni za wapi?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mkurugenzi alificha.

"Hakuna tatizo, Mheshimiwa Waziri. Tutahamia kwa furaha."

Bi Katibu alipata homa papo hapo, na wajumbe wengine wakaambukizwa. Jioni ile Mkurugenzi alivushwa peke yake na boti, pamoja na hema lake la vyumba viwili. Nililisimamisha kwa mikono yangu, nikarudi na boti. Alichagua mwenyewe pa kuliweka: katikati ya kisiwa, palipokuwa tambarare. Pakavu wakati ule, maana maji yalikuwa yametoka. Ni pale mashua zilipochimba. Sikusema kitu. Mimi ni upande wa wananchi. Mambo ya ardhi ni ya wataalamu.

Kulipopambazuka mji mzima ulikuwa ufukweni. Hema lilikuwa linaelea, sehemu ya wageni kusubiri ikitangulia. Mkurugenzi alikuwa amesimama juu ya tuta la mchanga, maji magotini, simu sikioni. Kwa kuwa upepo ulikuwa unatujia, tulimsikia kama yuko nasi.

"Simamisheni mashua! Zote! Nasema leo! Nani alitoa kibali? Mimi? Basi mimi nakifuta! Hamwoni mtu anazama hapa?"

Shemeji alijifunga kanga vizuri. "Kumbe mkuki kwa nguruwe..." akaanza, na akinamama waliosimama naye wakamalizia kwa pamoja, kwa sauti ya kufika ng'ambo.

Mashua zikasimama siku hiyo hiyo. Muda wote huo niliomba, nilibembeleza, nilishona, nilisomea cheti, nilipiga kura. Kumbe Idara ilichokosa ni suruali moja iliyolowa. Waziri naye amepata jengo lake, ghorofa ya juu imebaki nondo, mchanga hakuna. Anasema atafanya kikao.

Mkurugenzi bado yuko kule. Hajapata amri ya kurudi, kwa sababu ili kumrudisha lazima mtu akubali kwamba zile picha zilikuwa za zulia, na waliozisifia ni wengi na wote ni wakubwa. Ameliopoa hema, amelihamishia kwenye tuta. Mashua yoyote ikikaribia usiku au mchana, anatoka na mwavuli anaifukuza, anaitukana mpaka inageuka. Mtu mwenye kazi yake, nakubali, anaipenda.

Mawimbi yanapoachwa hurudisha mchanga yenyewe, na pengo limeanza kufunga. Maji hayajapanda tena kwa mke wangu. Nimepanga mawe mapya miguuni pake. Juzi nilimweleza habari zote, na shemeji akiwapo kunisahihisha.

"Mwambie na ulinzi," alisema.

Nikamwambia. Nikasema: mama watoto, umefua nguo za watu maisha yako yote, na siku uliyougua hakutokea hata karani wa kukuandikisha. Sasa una mlinzi, tena mwenye cheo cha Mkurugenzi, anakesha nje kwa ajili yako bila kujua.

Mimi nalala vizuri siku hizi. Mvua ikinyesha, nalala vizuri zaidi.