Sinia la Mama Mkwe na Alama ya Kujumlisha

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Umaskini, kwaheri! Gari la mhandisi wa machimbo ya shaba liliharibika hapa Segera. Nilimnywesha chai, akanipa elimu. Unaponda jiwe la kijani, unaliloweka kwenye asidi. Unatia mafuta ya taa yenye dawa fulani. Yanabeba shaba na kuacha taka. Asidi kali inayanyang'anya mafuta ile shaba, halafu umeme unaigandisha juu ya bamba. Basi! Na mimi, tangu nipunguzwe kazi ya mkonge Ngombezi, nauza mayai ya kuchemsha kwa abiria!

Jina la dawa nimelisahau. Haiwezi kuwa muhimu.

Jumanne, 5 Oktoba

Rafiki yangu Lekakeny, mfugaji, kaniletea gunia la mawe ya kijani kutoka Handeni anakochungia. Asidi nimeitoa kwa Stefano, fundi betri. Asidi kwa hasidi! Aliuliza kama mayai yamegoma kuchemka.

Maji yamegeuka buluu. Mafuta ya taa hayajabeba kitu. Nimekoroga asubuhi mpaka adhuhuri kwa mwiko wa mke wangu, Mwanaidi. Yanaelea tu, mavivu kabisa. Mwanaidi kauliza mbona ugali unanuka taa. Nimemwambia maendeleo yana harufu yake.

Alhamisi, 7 Oktoba

Hatua ya mafuta nimeiruka. Umeme moja kwa moja!

Mhandisi alisema bamba la kuanzia linaweza kuwa la shaba nyembamba. Segera nzima nani anayo? Chini ya kitanda chetu: sinia la mama mkwe! Mwanaidi alilichukua kwao aje alisugue. Jumamosi mdogo wake, Yusra, anaolewa kwao Mnyuzi, na tangu enzi za bibi yao kila bwana harusi wa ukoo huo hupelekewa pilau juu ya sinia hilo. Mwanaidi kasema likipata hata mkwaruzo, ndoa yetu imekwisha. Mkwaruzo? Litaongezeka unene!

Nimeazima betri ya gari kwa Stefano. Ina alama mbili, ya kujumlisha na ya kutoa. Stefano akataka kunionyesha waya upi uende wapi. Nikamkatiza. Darasa la saba nimemaliza. Nataka shaba iongezeke kwenye sinia, kwa hiyo sinia kwenye kujumlisha. Kwenye kutoa nimefunga kijiko kikubwa cha stenlesi. Kipungue tu, sina shida nacho.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kijiko kimeota ngozi nyekundu. Shaba! Nimeruka mpaka kofia ikaanguka.

Lekakeny alichungulia beseni, akauliza kwa adabu mbona sinia linakonda. Nikamwambia ya ng'ombe anayajua yeye, ya sayansi aniachie. Akasema kwao ng'ombe akikonda na ndama akinenepa, hakuna anayeuliza maziwa yamekwenda wapi. Huyu mtu hana msaada.

Nimelisugua sinia kwa majivu. Matundu saba. Asidi ya Stefano ni mbovu! Nimeyaziba kwa sabuni ya mche, nikapaka majivu juu. Huwezi kujua.

Jumamosi, 9 Oktoba

Aibu! Pilau lilikuwa la moto. Nani alifikiria hilo? Sabuni ikalainika. Mzee Mhina, baba wa bwana harusi, alipolipokea sinia tu, kitako cha sinia kikaachia. Pilau lote kwenye kanzu, jogoo wa kukaanga miguuni, na povu. Yusra akalia ndani ya shela. Hapo hata mimi roho iliniuma.

Mama mkwe hakufoka. Bora angefoka. Aliliinua sinia, akanitazama kupitia tundu, akauliza nyama ya sinia la mama yake imekwenda wapi. Nikatoa kijiko mfukoni, nikamweleza ni shaba ya mawe ya Handeni. Akakipima mkononi. Kisha akanikabidhi vyote viwili. Nisikanyage kwake mpaka sinia lirudi na uzito wake. Na Mwanaidi habanduki Mnyuzi mpaka siku hiyo.

Jumapili, 10 Oktoba

Nyumba imepoa. Nimesonga ugali mwenyewe. Bado unanuka taa. Namtamani mke wangu.

Stefano amepita. Eti niligeuza waya! Eti shaba hutoka upande wa kujumlisha ikahamia upande wa kutoa, na kilichoganda kwenye kijiko ni sinia la mama mkwe mwenyewe. Wivu mtupu! Kujumlisha kupunguze, kutoa kuongeze? Shule gani hiyo?

Kosa nimeligundua. Betri moja ni kidogo. Nimeazima ya pili kwa dereva wa lori, na beseni limejaa asidi mpya. Shaba yote iliyo kwenye kijiko itarudi kwenye sinia, na ya mawe juu yake. Nimemtumia Mwanaidi salamu kwa abiria wa Mnyuzi: Alhamisi aje na mama yake, waje na mizani.

Sinia nimeshalifunga. Kwenye kujumlisha.